Nani amlipe mdhibiti? Njia za kugharamia mamlaka za udhibiti, zikiwekwa bega kwa bega

Kila muswada unaounda mamlaka ya udhibiti huwa na sehemu fupi, aghalabu karibu na mwisho, yenye kichwa kama "Masharti ya fedha". Wengi wanaoombwa maoni huiruka. Wanabishana kuhusu majukumu, adhabu, muundo wa bodi na nani atamteua mwenyekiti, na wakifika kwenye fedha wameshachoka. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia. Mamlaka inaweza kupewa meno kwenye kifungu cha 5 na kung'olewa yote kwenye kifungu cha 40, kile kinachosema fedha zitatoka wapi, zitawekwa akaunti gani, na zikibaki zitakwenda kwa nani.

Nimeandika kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua au kutoa maoni: mjumbe wa kamati, mtetezi wa walaji, kiongozi wa chama cha wafanyabiashara, mwandishi anayefuatilia bajeti. Mifano mingi hapa inatoka Marekani na Uingereza, kwa sababu hesabu za mamlaka zao, ripoti za mabunge yao na hukumu za mahakama zao ziko wazi, na kwa sababu nchi hizo zimejaribu karibu kila njia, zikiwemo zile mbaya.

Watu hubishana sana kuhusu nani analipa, serikali au wafanyabiashara. Lakini gharama ya mdhibiti humfikia mwananchi kwa vyovyote vile, ama kupitia kodi ama kupitia bei. Ninachokiangalia mimi ni nani ana uwezo wa kukata fedha hizo, na anaweza kuzikata kwa sababu gani. Ukilishika swali hilo, tofauti kati ya njia hizi zinaonekana wazi.

Fungu la bajeti

Hii ndiyo njia kongwe. Bunge linapitisha bajeti, Hazina inatoa fedha, mamlaka inatumia. Ada za leseni zikikusanywa zinaingia Mfuko Mkuu kama maduhuli mengine ya serikali, na mamlaka haizioni tena.

Faida yake kubwa ni kwamba mdhibiti hali mkononi mwa anayemdhibiti. Tena, kuna kazi ambazo hazina mteja wa kumtoza: kuelimisha umma, kufanya utafiti, kufuatilia hatari ambayo bado haijaumiza mtu. Kazi hizo zitapata fedha kwenye bajeti ya umma au hazitapata popote.

Kasoro yake inafahamika kwa kila aliyewahi kusubiri fedha kutoka Hazina. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mbunge asiyependa uchunguzi fulani hahitaji kubadilisha sheria wala kusimama hadharani kumtetea mkosaji. Kupunguza fungu kunatosha, na kunaweza kuitwa kubana matumizi.

Mfano mzuri wa kulinganisha uko ndani ya taasisi moja, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Kazi zake za chakula hutegemea karibu kabisa fedha za kodi. Uchambuzi wa dawa mpya unagharamiwa kwa kiasi kikubwa na ada za kampuni za dawa. Kituo chake cha bidhaa za tumbaku kinagharamiwa chote na tozo ya kampuni za tumbaku. Serikali ya Marekani iliposimamisha shughuli zake kwa siku 35, kuanzia tarehe 22 Desemba 2018 hadi tarehe 25 Januari 2019, kwa sababu bajeti haikupita, idara hizo ziliishi maisha tofauti kabisa. Ukaguzi wa kawaida wa viwanda vya chakula vya ndani ulisimama, hadi mkuu wa FDA wa wakati huo, Scott Gottlieb, alipotangaza kuwarudisha wakaguzi kwenye vyakula vyenye hatari kubwa, wakifanya kazi bila mshahara mpaka serikali ifunguliwe. Wachambuzi wa dawa waliendelea kufungua majalada yao kwa kutumia bakaa ya ada zilizokusanywa awali. Hata wao walikuwa na mpaka: hawakuruhusiwa kupokea ada mpya, kwa hiyo ombi jipya linalodaiwa ada halikuweza kupokelewa.

Anayesema fedha za umma ndizo salama zaidi aziangalie siku hizo 35.

Kuna namna nyingine ya njia hii ambayo huchanganya watu. Mamlaka inatoza ada zinazofidia karibu gharama zake zote, lakini fedha zinakwenda Hazina na Bunge ndilo linaloamua mamlaka itumie kiasi gani. Tume ya nyuklia ya Marekani, NRC, inaendeshwa hivyo. Wenye mitambo hutozwa zaidi ya dola 300 kwa saa moja ya kazi ya mtaalamu wa tume, pamoja na ada za mwaka. Mlipa kodi habebi mzigo mkubwa, na mdhibiti haongezi kipato chake kwa kuongeza saa za ankara. Bado, tatizo la kusimama kwa bajeti linabaki palepale. Ndiyo maana mwenye mtambo anaweza kulalamika kwamba amelipa kila kitu na mkaguzi hana fedha za safari, na lalamiko hilo lingekuwa na haki.

Ada ya maombi

Hapa mwenye kutaka kibali analipa ili ombi lake lichambuliwe, na fedha zinabaki kwa mamlaka. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni ule wa dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanaharakati wa UKIMWI waliandamana hadi makao makuu ya FDA wakidai dawa zitoke haraka, maana ombi la dawa mpya lilikuwa likichukua zaidi ya miaka miwili kwa wastani. Mwaka 1992 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya ada za watumiaji wa huduma, na tangu hapo inahuishwa kila baada ya miaka mitano.

Ifuate ada moja tangu inapolipwa. Kampuni inamaliza majaribio, inapeleka ombi, na papo hapo inadaiwa. Mwaka wa fedha 1993 ada ya ombi lenye takwimu za majaribio kwa binadamu ilikuwa dola 100,000. Mwaka wa fedha 2025 ilizidi dola milioni 4.3. FDA ikilirudisha ombi kwa kuwa halijakamilika kiasi cha kuchambuliwa, kampuni inarejeshewa asilimia 75. Likishaingia kwenye uchambuzi, fedha hazirudi hata dawa ikikataliwa. Kampuni ndogo inayoleta ombi lake la kwanza inaweza kusamehewa, na dawa za magonjwa adimu hazitozwi ada hiyo. Fedha zinatumika kwa kazi ya dawa peke yake: mishahara ya madaktari, wafamasia na wanatakwimu, mifumo ya kompyuta, safari za kukagua viwanda.

FDA hata hivyo haiwezi kuzigusa mpaka Bunge liidhinishe kiwango chake katika bajeti ya mwaka. Sheria ina kufuli nyingine ninayoipenda sana: Bunge likipunguza mchango wa kodi chini ya kiwango cha msingi kilichowekwa, mamlaka inapoteza haki ya kukusanya ada. Maana yake serikali haiwezi kujitoa kimyakimya na kuiachia sekta binafsi imlishe mdhibiti wake peke yake. Muswada wowote wa ada usio na sharti la namna hiyo una tundu.

Kampuni zinapata nini? Muda. FDA inaahidi kumaliza asilimia 90 ya maombi ya kawaida ndani ya miezi 10, na ya kipaumbele ndani ya miezi 6. Kwa dawa mpya kabisa saa huanza kuhesabiwa baada ya siku 60 za mapokezi. Niseme kwa haki: kampuni hainunui kibali. Inalipa kabla, na jibu linaweza kuwa hapana. Anayedai kwamba ada yenyewe ni rushwa hajausoma utaratibu.

Hatari iko kwingine. Kila miaka mitano FDA inakaa mezani na sekta ya dawa kujadili malengo ya kipindi kinachofuata. Vyama vya wagonjwa na walaji hupewa mikutano yao na mikutano ya hadhara, lakini wanaokaa kwenye majadiliano ya kiufundi ni walipaji. Unapojadiliana na anayelipa, ajenda huwa ni ile inayomkera anayelipa, na kinachomkera ni kuchelewa. Kwa miaka kumi ya mwanzo sheria iliruhusu ada zitumike kuchambua dawa kabla ya kuingia sokoni tu, na ufuatiliaji wa madhara baada ya dawa kuanza kumezwa na mamilioni ya watu ukaachiwa fedha za kodi. Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 2002. Ulifunguliwa zaidi mwaka 2007, miaka mitatu baada ya dawa ya maumivu Vioxx, iliyoidhinishwa mwaka 1999, kuondolewa sokoni kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Sisemi ada ndiyo iliyoipitisha Vioxx. Ninasema kwamba kwa muda mrefu mlango wa kuingilia sokoni ulikuwa na walinzi wa kutosha, na ndani ya nyumba walikuwa wachache.

Leo takribani theluthi mbili ya fedha za programu ya dawa za binadamu ya FDA zinatokana na ada. Mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya, EMA, inapata zaidi ya asilimia 80 ya mapato yake huko. Ukishafika kiwango hicho, kurudi nyuma ni vigumu: kuondoa ada ni kufukuza wachambuzi.

Tozo kwa ukubwa wa biashara

Tozo hailipwi kwa tendo. Kila aliye kwenye sekta analipa kila mwaka kulingana na ukubwa wake, awe ameomba kitu au hajaomba. Kwa usimamizi wa kila siku ninaipendelea kuliko ada ya maombi, kwa sababu mdhibiti halipwi zaidi akikubali maombi mengi wala akiyaharakisha. FCA, mdhibiti wa huduma za fedha wa Uingereza, anagharamiwa chote na sekta kwa ada na tozo za namna hii bila fedha za kodi.

Kikwazo cha kwanza ni kuamua nani yumo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 iliyoipa FDA mamlaka juu ya tumbaku iliweka tozo inayogawanywa kwa hisa ya soko kati ya makundi sita: sigara, ugoro, tumbaku ya kutafuna, tumbaku ya kusokota, sigara kubwa na tumbaku ya kiko. Tangu mwaka wa fedha 2019 jumla yake ni dola milioni 712 kila mwaka. Sigara za kielektroniki hazikutajwa. Baadaye FDA ikajikuta inachambua mamilioni ya maombi ya bidhaa hizo kwa fedha za wauza sigara za kawaida, huku watengenezaji wa bidhaa hizo mpya hawachangii chochote. Jumla imeandikwa kama namba isiyosogea, makundi yameandikwa kama orodha iliyofungwa, na kazi imeongezeka. Ukiandika tozo, andika "na bidhaa nyingine yoyote itakayowekwa chini ya usimamizi wa mamlaka hii", na uiachie jumla nafasi ya kupanda pamoja na bei.

Kikwazo cha pili ndicho kilichoua ofisi nzima. Kabla ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, benki ya Marekani iliweza kuchagua aina ya leseni yake, na kwa kuchagua leseni ikawa imechagua msimamizi. Msimamizi wa benki za akiba, OTS, aliishi kwa tozo za benki alizozisimamia. Washington Mutual peke yake ilimpa kati ya asilimia 12 na 15 ya mapato yake, kama kamati ya uchunguzi ya Seneti ilivyoonyesha baadaye. Machi 2007 Countrywide, mmoja wa wakopeshaji wakubwa wa nyumba, alihama kutoka kwa msimamizi mwingine akaenda OTS. Jiweke kwenye kiti cha mkuu wa ofisi hiyo: mteja mmoja anabeba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mishahara ya watu wako, naye anaweza kuhama. Wakaguzi wa chini waliandika kasoro za mikopo ya Washington Mutual mwaka baada ya mwaka. Hatua kali hazikuchukuliwa. Benki ilianguka tarehe 25 Septemba 2008, anguko kubwa kuliko yote katika historia ya benki za Marekani, na OTS ikafutwa mwaka 2011.

Tozo yenyewe haikuwa na kosa. FCA anaishi kwa tozo na hakuna kampuni ya Uingereza inayoweza kumkimbia ikaendelea na biashara ileile. Kosa lilikuwa tozo pamoja na uhuru wa kuchagua msimamizi. Hivyo viwili visikae kwenye sheria moja.

Faini

Sitatumia maneno mengi hapa: faini zisiwe mshahara wa anayezipiga. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Kuna maeneo mawili ya kijivu yanayostahili kutazamwa. Kabla ya mwaka 2012 faini za mdhibiti wa fedha wa Uingereza zilitumika kuwapunguzia tozo kampuni nyingine. Mdhibiti hakufaidika, lakini washindani wa mkosaji walifaidika, na umma ulioumizwa haukupata kitu. Baada ya kashfa ya LIBOR, riba elekezi ya mikopo kati ya benki za London ambayo benki zilikuwa zikiichezea, utaratibu ukabadilishwa: mdhibiti anabaki na gharama za uchunguzi, ziada inakwenda Hazina, na sehemu ya faini za LIBOR ikapelekwa kwa mashirika ya hisani ya wanajeshi. Marekani wamechukua mkondo mwingine ninaouona kuwa wa haki zaidi. Tangu mwaka 2002 tume ya dhamana na masoko ya mitaji, SEC, inaweza kuweka faini kwenye mfuko wa kuwafidia wawekezaji walioumizwa na kosa hilohilo.

La pili ni malipo ya saa za ukaguzi. Tangu Oktoba 2012, mkaguzi wa HSE, mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, akiingia kwenye karakana akakuta msumeno hauna kinga, na akaona ni ukiukaji wa kumwandikia mwajiri barua, ankara inaanza kuandikwa. Inahesabu muda wa ukaguzi, muda wa kuandika barua, na muda wa kurudi kuangalia kama kinga imefungwa. Mwanzoni saa moja ilikuwa pauni 124. Karakana ya jirani iliyokutwa sawa hailipi chochote. Kama wazo, linavutia: mkosaji anabeba gharama ya kosa, na mtii hatozwi. Lakini mkaguzi huyohuyo ndiye anayeamua kama kosa linafikia kiwango cha ankara, na mwanzoni aliyepinga alisikilizwa na jopo lililotawaliwa na HSE wenyewe. Kampuni moja ilikwenda mahakamani, na mwaka 2017 HSE wakakubali kuweka jopo huru la kusikiliza pingamizi. Ukitaka njia hii, jopo huru liwepo siku ya kwanza.

Fomula nje ya bajeti

Taasisi ya Marekani ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, iliundwa mwaka 2010 na watu waliokuwa wameona wasimamizi wengine wakinyongwa kwa bajeti. Wakaifungia nje ya mchakato huo. Mkurugenzi anaandika kwa Benki Kuu kila robo mwaka kiasi anachohitaji, na Benki Kuu inalipa, mradi jumla isizidi ukomo, ambao mwanzoni ulikuwa asilimia 12 ya matumizi ya uendeshaji ya Benki Kuu ya mwaka 2009, yakirekebishwa kwa mfumuko wa bei. Taasisi za mikopo zilipinga hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 16 Mei 2024 majaji saba dhidi ya wawili walisema utaratibu huo haukiuki katiba.

Kwenye karatasi hakuna ngome imara kuliko hii. Tazama jinsi ilivyovunjwa. Januari 2018 kaimu mkurugenzi Mick Mulvaney, ambaye wakati huohuo alikuwa mkuu wa ofisi ya bajeti ya Ikulu, aliiandikia Benki Kuu akiomba sifuri. Februari 2025 kaimu mwingine, Russell Vought, naye aliarifu kwamba hatachukua fedha za kipindi kinachofuata. Kisha, Julai 2025, Bunge likashusha ukomo kutoka asilimia 12 hadi 6.5.

Waliomfungia Mbunge nje walisahau kwamba ufunguo wamempa mtu mmoja ndani. Fomula nzuri ingesema fedha zinahamishwa zenyewe kila robo mwaka, na anayetaka kupunguza ndiye aandike sababu na kuiweka hadharani.

Mkaguzi kwenye orodha ya mishahara ya kampuni

Serikali isipotaka kulipa kabisa, huikabidhi kampuni kazi ya kujikagua kupitia wafanyakazi wake walioidhinishwa. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilikabidhi sehemu kubwa ya uthibitishaji wa ndege ya 737 MAX kwa wahandisi wa Boeing wenyewe. Ndege mbili za aina hiyo zilianguka, Oktoba 2018 na Machi 2019, na watu 346 wakafariki. Ukabidhi wa kiasi fulani hauepukiki kwenye teknolojia ngumu. Ukitumika kama mbinu ya kupunguza bajeti, sioni hoja ya kuutetea.

Ziada inakwenda wapi

Kifungu hiki ndicho kinachonyimwa macho kuliko vyote. Mamlaka imekusanya 100 na kutumia 80. Zile 20?

Zikibaki zote kwa mamlaka bila ukomo, bodi itajifunza kwamba ada ya juu haina madhara kwake. Majengo yatakuwa mazuri na ada hazitashuka. Zikichukuliwa zote na Hazina, ada inageuka kodi iliyofichwa, na huduma aliyoilipia mtu haimfikii. Ofisi ya hataza (hati za kulinda uvumbuzi) na alama za biashara ya Marekani, USPTO, si mdhibiti kwa maana kamili, lakini inaishi kwa ada na historia yake inafundisha. Tangu miaka ya 1990 Bunge lilichota zaidi ya dola bilioni 1 za ada za wavumbuzi na kuzipeleka kwenye matumizi mengine. Kufikia mwaka 2009 maombi zaidi ya 700,000 yalikuwa yanasubiri kufunguliwa. Sheria ya mwaka 2011 ikaunda mfuko wa akiba ambamo ada zilizozidi makadirio zinawekwa kwa ajili ya ofisi hiyo pekee, bado kwa idhini ya Bunge. Serikali iliposimama mwaka 2018 ofisi hii iliendelea kufungua milango kwa bakaa ya ada za awali.

Kuna ubaya mkubwa zaidi kuliko kuchota ziada: kumfanya mdhibiti kuwa mkusanyaji wa mapato ya taifa. Ofisi ya Marekani iliyoitwa MMS iligawa vitalu vya mafuta baharini, ikakusanya mrabaha uliokuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mapato ya serikali nje ya kodi, na wakati huohuo ikasimamia usalama wa uchimbaji. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka na kuua wafanyakazi 11. Tume iliyoundwa na Rais Obama ilieleza mwaka uliofuata jinsi lengo la mapato lilivyolemea lengo la usalama kwa miongo. Ofisi ikavunjwa vipande vitatu: mmoja ukusanye fedha, mwingine ugawe vitalu, wa tatu ukague usalama. Anayekagua hana tena lengo la makusanyo la kufikisha mwisho wa mwaka.

Ukilazimika kuchagua

Acha kuchagulia taasisi nzima njia moja. Chagulia kila kazi.

Kuchambua ombi la mtu mmoja mwenye faida yake ni kazi ya kutozwa ada: ilipwe kabla, isirudi kwa sababu ya jibu, kampuni ndogo zisamehewe, na mchango wa kodi uwe sharti. Usimamizi wa kila siku wa kampuni nyingi ulipiwe kwa tozo ya ukubwa, mradi hakuna anayeweza kuhamia kwa msimamizi mwingine. Sekta ikiwa na kampuni mbili au tatu tu, tozo haifai; mlipaji mmoja akinuna ofisi nzima inatetemeka, na hapo ningetaka bajeti ya umma ibebe angalau nusu. Uchunguzi, mashtaka, utafiti na elimu kwa umma vibaki kwenye kodi, ikiwezekana kwa fungu la miaka mitatu, ili kesi iliyofunguliwa mwaka huu isife mwakani. Faini ziende kwa walioumizwa, na zikikosa wa kupokea ziende Hazina.

Kama nchi haina fedha za kodi za kutegemewa, na mara nyingi ndivyo ilivyo, ningechukua tozo yenye ukomo uliowekwa na Bunge kuliko fungu la bajeti linalofika nusu, mwezi wa tisa. Najua hatari zake na nimezieleza hapo juu. Mdhibiti asiye na mafuta kwenye gari hamlindi mtu yeyote.

Kwenye ziada ningeandika hivi: mamlaka ibaki na akiba isiyozidi matumizi ya miezi sita, na kinachozidi hapo kipunguze viwango vya mwaka unaofuata. Kama Hazina lazima ipate sehemu, asilimia itajwe ndani ya sheria yenyewe, isiachwe kwa waraka wa waziri. Jedwali la ada liwekwe mezani bungeni likiwa na maelezo ya gharama nyuma ya kila ada: wataalamu wangapi, saa ngapi, kwa kiwango gani. Mamlaka isiyoweza kujaza safu hizo tatu haijui gharama ya kazi yake, na haipaswi kuruhusiwa kupandisha ada mpaka iijue.